Kuta Tulizobomoa

Kericho, 9 Agosti 1973

Kaka Gekara,

Barua yako imefika. Huku ng'ombe amezaa ndama jike, na mvua ya mawe imeharibu chai kidogo.

Vyumba vya kupangisha vimekwisha kujengwa upya kama ulivyoagiza kutoka Nairobi. Tulibomoa kuta za udongo, fundi Kipkosgei akaweka mabati juu na pembeni, yanang'aa mpaka barabarani. Ulisema nyumba ya udongo ni aibu kwetu. Lakini wapangaji wetu ni wachuma chai, kaka, wanarudi wamelowa. Kuta zile zilishika joto la jiko mpaka asubuhi, na kila Desemba wanawake walizikandika upya wenyewe, wakiimba, bila sisi kununua kitu.

Mawe yalipoanza kupiga mabati, Bochaberi wa chumba cha tatu alipiga kelele kana kwamba wewe uko hapa, "Bwana Karani, umetutoa kwa nyumba ukatuweka ndani ya debe!" Tulicheka. Mwisho wa mwezi alihama na mtoto wake anayekohoa, na wengine wakamfuata.

Jumapili Mama naye alifunga mizigo, akatoka chumba cha kwanza alichokuwa akikaa, akaenda kwa dada yetu Kisii. Alisema, "Mwambie Gekara sijakataa nyumba yake. Nimekataa baridi."

Udongo wa kuta za zamani bado uko uani. Nimeufunika kwa majani ya migomba, mvua isiubebe. Kipkosgei anasema unatosha chumba kimoja. Ninangoja neno lako.

Mdogo wako,
Mogaka