Usibomoe Jiko la Mama

Lindi mjini

Mdogo wangu Shabani,

Salamu nyingi zikufikie kutoka huku kusini. Hujambo wewe, na wifi yangu, na watoto? Macho ya mama je, bado yanamtoka machozi asubuhi? Sisi tu wazima, ila shemeji yako amebaki na nyusi ya upande mmoja. Utasikia.

Nakuandikia kwa kalamu kwa sababu ujumbe wa simu unausoma nusu, halafu unanijibu kwa picha ya kidole gumba. Ulinitumia picha ya jiko la gesi, ukasema mvua zikiisha utakwenda Sindeni kubomoa jiko la mama, mafiga utupe, na dari ya mbegu iliyo juu yake uipasue iwe kuni. Eti moshi ni ushamba. Wewe, Shabani, ambaye sare zako za shule zilinuka moshi ule mpaka mwalimu akakukalisha dirishani! Huo mji wako wa Kilole umekupanda kichwani.

Sasa sikia ya huku. Mvua ilikata barabara, daraja likaenda na maji, malori yakaacha kuja. Umeme ukazimika, simu zikafuata, mkaa ukaadimika, gesi ikaisha madukani. Na gesi inachimbwa mkoa huu huu! Tukabaki tunatazamana na mitungi mitupu.

Uani kwetu kuna kisima cha mwenye nyumba, kina mfuniko wa zege na pampu ya umeme. Bomba lilipokauka, wanaume wazima walikizunguka kile kisima, mikono mifukoni, wakingoja umeme urudi. Nikawauliza, "Kamba na ndoo hamna?" Mmoja akanijibu, tena bila aibu, "Dada, hiki ni kisima cha kisasa." Niliwacheka mbele ya wake zao. Mwishowe tuling'oa mfuniko kwa mtaimbo, nami nikawa wa kwanza kushusha ndoo.

Shemeji yako Bakari naye akajitia kuwasha moto. Kuni mbichi, zimelowa, akazimwagia petroli ya pikipiki. "Moto ni kitu kidogo, mke wangu," akaniambia. Ukalipuka, ukala nyusi yake, ukazimika. Kuni hata hazikuungua. Nikamsogeza pembeni, nikapanga mawe matatu, nikapasua kuni nikatoa moyo mkavu, nikawasha kwa njiti ya mwisho uani pale. Jioni ile nyumba zote zilikula ugali wa muhogo niliousonga mimi. Kinywa changu nacho hakikufungwa. Niliwaambia kwetu Handeni moto hauzimwi, unalazwa kwenye majivu, asubuhi unaamshwa. Niliwaona wote si kitu.

Asubuhi nikafukua majivu. Baridi, hakuna hata cheche. Jirani yangu Mama Swaumu alikuwa amesimama nyuma yangu na sufuria ya uji, mtoto analia mgongoni.

"Dada Zaina, si ulisema kwenu moto unalala?"

"Umelala," nikamjibu.

"Basi uamshe."

Nilitamani ardhi inimeze. Yule mtoto alilia mpaka mchana, mzee mmoja alipotuletea makaa ya moto ndani ya kopo kutoka kwa wachoma mkaa. Nilishika simu nimuulize mama ni kuni gani analaza, na majivu anayarudishiaje. Simu imekufa. Hapo niliogopa, mdogo wangu, niliogopa kweli. Nimekota moto ule tangu utotoni, kumbe nilikuwa natazama chungu, sikutazama mikono ya mama.

Na wewe unajua nini? Ulipanda mahindi uliyoyabakiza kutoka mbegu ya dukani, yakaota mafupi kama yamekatazwa kukua. Ulikwenda kuomba wapi? Si kwenye dari ya mama? Mbegu ile iko hai kwa sababu ya moshi. Ukiubomoa moshi, dumuzi wataifanya unga kabla ya vuli, na hakuna duka la kuinunua. Halafu mama naye hatakuwepo milele. Nimelisema, basi.

Kuhusu macho yake una haki, hilo sikatai. Mpelekee gesi, achemshe chai yake ndani, moshini asiingie tena. Lakini jiko lisiguswe. Moshi uwe wako, si una macho mazima? Kila Ijumaa ukitoka msikitini panda gari la Handeni, ushuke Sindeni, uwashe moto chini ya mbegu. Mama akae mlangoni na kigoda chake akuelekeze. Akikutukana, vumilia. Lala huko, laza moto kwa mikono yako, asubuhi uuamshe. Ukiuamsha, niandikie ulivyofanya, neno kwa neno. Mimi nikipata likizo nakuja kukukagua.

Nisalimie wifi yangu, mwambie namwonea huruma. Nisalimie shangazi yetu wa Mnyuzi, anayetubania karanga. Mjomba Athumani, fundi baiskeli, mwambie nimemkataza kukuazima nyundo.

Na mama msalimie sana. Ila usimwambie kuwa moto ulinizimikia.

Ni mimi dada yako,
Zaina