Wazee Waliobaki Athene

Skärholmen, Jumanne jioni

Na mimi ndiye niliyemwambia alete vitabu jikoni, asome nikimsikia.

Kesho binti yangu Neema ana mtihani wa historia, vita vya Wagiriki na Waajemi. Anasoma kwa Kiswidi, kisha ananieleza kwa Kiswahili chake cha kubabaisha. Jeshi la Waajemi linakaribia, watu wa Athene wanapanda meli wanakimbia. Wazee wengine wanakataa kuondoka. Mji unachomwa, wanauawa.

Akaweka kalamu chini. "Mama, ni watu gani wanaacha wazee wao?"

Nilikuwa namenya viazi. Sikuinua kichwa.

Yeye anajua bibi yake alikufa kwa malaria kabla hatujatoka Uvira. Ndivyo nilivyomwambia miaka yote hii, na kila mwaka tunamkumbuka hivyo kwenye maombi. Hajui kwamba siku tuliyokimbia mama yangu alikaa mlangoni, akakataa kupanda lori, na mimi nikamsihi mara moja tu. Mara moja.

"Andika kwamba meli zilijaa," nikamwambia.

Akaandika. Ananiamini, huyu mtoto.

Lori letu halikuwa limejaa.