Nafundisha Wenzangu Kujipima, Mwenyewe Naogopa

Shangazi Carolyne, naomba msaada, na ukitaka kucheka cheka tu, hata mimi nimejicheka, mimi ni soja, mlinzi wa mlangoni kwenye duka kubwa hapa Doha, na Ijumaa nikiwa ofu naenda mtaa wa Abu Hamour kujitolea na chama cha akina mama Wamarekani weusi, ambao hutukusanya sisi wafanyakazi wa majumbani, mahotelini na madukani watufundishe kujipima matiti na kutupeleka kliniki bure. Sasa hao wana desturi yao, kabla hujafundisha mtu unasimama mbele ya wenzako useme kama wewe mwenyewe umepimwa. Siku yangu ya kwanza kiongozi wao, Madam Melissa, akaniuliza, na mimi nimepitia kwa ajenti wa kazi Nairobi, tulifunzwa kwenye intavyuu swali lolote jibu ni yes, unajua kuendesha foklifti, yes, unajua Kiarabu, yes, mengine utajifunzia huko mbele, basi mdomo ukasema yes kabla sijafikiria, wakapiga makofi, Melissa akanikumbatia, nikapewa tisheti na kazi ya kutafsiri. Tangu hapo nimekuwa profesa, nashika lile titi la mpira la kufundishia nawaonyesha watu, nawakemea waoga, juzi nimemburuta Nafula, tunayelala naye chumba kimoja, hadi kwa daktari huku analia. Halafu nikioga nikagusa uvimbe kwangu mwenyewe, karibu na kwapa, mgumu, na hauishi. Nikipanga foleni ya kliniki watajua nilidanganya, na Nafula atanicheka mpaka kambi yetu yote ya wafanyakazi huku Al Wakrah isikie. Nimeanza kujiambia eti ni misuli ya kusimama mlangoni, kana kwamba huwa nasimama kwa matiti. Nifanyeje? Naogopa sana.

Milcah, Al Wakrah

Milcah, hapo pa kusimama kwa matiti nimecheka, ndivyo ulivyotaka. Sasa tuache mchezo.

Pole, mama. Uvimbe mwingi huwa si kansa, hilo unajua, unawaambia watu kila Ijumaa. Lakini wako ni upi hajui mtu mpaka daktari auguse. Wewe umekaa nao unahesabu nani atakucheka! Hivi unadhani wale akina mama waliitafuta kliniki ili waambiwe yes? Waliitafuta kwa ajili ya mwanamke kama wewe, anayeogopa na hana wa kumwambia.

Nafula mwambie usiku huu, umwombe akusindikize. Atakucheka, ndiyo, umemtesa. Lakini mlango wa kliniki anaujua. Supavaiza naye umwombe ruhusa ya hospitali waziwazi, usijifanye una homa.

Kabla ya yote, weka gazeti chini umpigie Melissa. Usingoje Ijumaa. Sema hivi: "Madam, sikuwahi kupimwa, na nina uvimbe." Usiongeze hadithi, usijitetee. Na maneno yakikataa kutoka, lia tu kwenye simu. Ataelewa.