Salamu Niliyoiacha Mlangoni

Mjukuu wangu Zaina,

Huku Kasingirima tu wazima, na goti la bibi yako limepoa kidogo. Umeniuliza kwa nini wanafunzi wako hapo chuoni hawaji kukuuliza wasichoelewa, ingawa ofisi yako huifungi. Nitakujibu kwa aibu yangu mwenyewe.

Nilipokuwa mhadhiri kijana, mwanafunzi aitwaye Tausi alikuja ofisini kwangu na daftari lake. Akasema, "Shikamoo, Mwalimu." Nilikuwa nasahihisha mitihani, sikuinua kichwa wala sikuitikia. Unajua tulivyolelewa: mdogo haelezi shida yake kabla mkubwa hajaitikia. Alisimama mlangoni akingoja, kisha akaondoka. Hakurudi. Somo langu likamshinda, na chuo akakiacha. Mimi nikasema ni mvivu.

Juzi nilikwenda Kibirizi kununua dagaa. Mama mmoja aliyekuwa akianika akainuka. "Shikamoo, Mwalimu."

Nilimtambua, nikaitikia upesi. "Marahaba, Tausi. Siku ile ulitaka kuniuliza nini?"

Alifikiri huku akinifungia dagaa. "Nimeshasahau, Mwalimu."

Dagaa hao nakutumia wewe. Mimi kuwala kumenishinda.

Babu yako,
Mzee Rajabu