Saa Nane ya Min Akoth

Lambwe,
Jumamosi mchana.

Mpendwa Baba,

Nakusalimu sana, na Mama nyuma yako, na huyo mwanangu Boke ambaye bila shaka anakusomea bahasha hii kabla hujapata miwani. Goti lako linaendeleaje? Mama aliniambia bado unapanda kilima kwenda kutazama migomba kana kwamba itatoroka. Tafadhali kaa chini, Baba. Migomba haina miguu, na wewe una mguu mmoja tu wa kutegemea.

Mimi mwilini ni mzima. Malaria ilinilaza siku mbili wiki iliyopita, lakini imekwisha. Moyoni ndiko kubaya. Ningepiga simu, ila kwenye simu wewe hunikatiza, na jambo hili lazima ulisikie lote. Najua pia utatoa kalamu nyekundu unirudishie barua yangu imechorwa mistari, kama ile ya mwezi uliopita. Sahihisha Kiswahili ukipenda, lakini safari hii anza na hesabu.

Nilikwambia tuko wanawake watatu tunaopalilia pamoja. Consolata ndiye anayetutafutia kazi. Wa pili ni Min Akoth, maana yake mama yake Akoth, mwanamke wa umri wa Mama ambaye mumewe amelazwa hospitalini Homa Bay. Wa tatu ni mimi, ambaye hapa jina langu limekwisha, naitwa Nyar Kuria tu, yaani binti wa Wakuria. Wiki ile tulipewa shamba la alizeti kwa shilingi elfu sita na mia sita, jumla, tugawane wenyewe. Tulianza Jumapili tukamaliza Ijumaa.

Consolata alitaka tugawe sawa kwa sawa. Mimi nikajitia mwalimu. Nikasema hatukufanya kazi sawa: mimi nililala siku mbili, Min Akoth hakuja siku moja, siku nyingine alichelewa kwa saa moja, na siku mbili akachelewa zaidi. Nikawaambia baba yangu amefundisha hesabu maisha yake yote, na alinifundisha kwamba pesa ya kazi haigawiwi kwa vichwa, inagawiwa kwa kazi. Wakanikubalia. Min Akoth ndiye aliyenikubalia wa kwanza.

Daftari letu ni rahisi, na mwandishi ni mimi, ila nikiumwa huandika Consolata. Tunaingia saa moja asubuhi na sote tunatoka saa kumi, kwa hiyo aliyewahi anawekewa alama, na aliyechelewa anaandikiwa saa aliyofika. Ijumaa mwenye shamba alitaka tumalize upesi, kwa maana ni Msabato na jua lilikuwa linashuka. Nikapiga magoti pembeni ya shamba nikaandika: tuseme malipo ya saa moja ya kazi ni x. Consolata saa hamsini na nne, mimi thelathini na sita, Min Akoth thelathini. Jumla 120x ni 6,600, kwa hiyo x ni shilingi hamsini na tano. Ilitoka nzima bila hata senti ya kubaki, nami nikajisikia mtu mkubwa.

Min Akoth akapata 1,650. Mimi niliyelala siku mbili nikapata 1,980. Aliitazama ile pesa, kisha akanitazama mimi.

"Hesabu ndio imesema hivo?" akauliza.

"Ndiyo, mama. Hesabu haina upendeleo."

"Sawa. Kama hesabu imesema, mimi ni nani?"

Akafunga pesa kwenye leso akaenda. Jumapili tulipoanza shamba la pili hakuja. Jumatatu hakuja. Simu hana.

Jumanne nilifungua daftari kuandika siku, nikairudia ile wiki. Zile siku mbili nilizolala, mbele ya jina la Min Akoth pameandikwa 8. Mimi nilikuwa nimesoma saa nane mchana. Nilijua anapitia mambo ya hospitali, nikaona ni kweli, alifika saa nane, akafanya kazi saa mbili tu. Nikamwuliza Consolata.

"Saa nane gani?" akashangaa. "Alikuja asubuhi, saa mbili. Mimi naandika vile simu inasema. Simu ilisema eight."

Baba, nilikaa chini kwenye matuta. Sisi wote tunasema saa mbili, Waluo na Wakuria, hakuna mtu hapa anayesema vingine kwa mdomo. Lakini Consolata anaandika kwa macho ya simu, nami nasoma kwa mdomo wa nyumbani. Kila moja ya siku hizo mbili Min Akoth alifanya kazi saa nane, nami nilimpa mbili. Nikapiga upya: saa zake ni arobaini na mbili, jumla 132x, x inakuwa hamsini kamili. Alistahili 2,100. Tulimla mia nne na hamsini, na mumewe yuko kitandani.

Nilimwomba Consolata arudishe 270 zake.

"Maji yakimwagika hayazoleki, Nyar Kuria," akasema. "Na hiyo x ilikuwa yako. Mimi nilisema tugawe sawa."

Tungegawa alivyotaka yeye, Min Akoth angepata 2,200. Nilitoa zote mia nne na hamsini mimi, na ndiyo sababu viatu vya Boke havikuja wiki hii. Mwambie nimekosa mimi, si duka.

Juzi baada ya kazi nilikwenda kwake. Nilimkuta anaanua nguo za mgonjwa. Nikamweleza yote, saa mbili na saa nane, nikamwekea pesa mkononi. Alinisikiliza mpaka mwisho.

"Kumbe ni hiyo tu," akasema. "Mimi nilidhani ulinikata juu ya uji."

Hapa kuna kitu nilikuficha, Baba, kwa aibu. Zile siku mbili nilizolala, aliyenilisha ni Min Akoth. Kwa homa nilidhani anatoka hospitalini, ndipo aende kazini; kumbe alikuwa anatoka shambani adhuhuri, anavuka mto, ananipikia uji, ananishikia kikombe, kisha anarudi kupalilia.

"Nilisema ni haki," akaendelea, pole pole, bila hasira. "Niliacha jembe nikaenda. Msichana amesoma, lazima ahesabu. Sikukasirika, nyathina. Nilikosa kuja kwa sababu ya hospitali."

Nyathina ni mwanangu. Aliniita mwanangu, na kwa siku sita alikuwa anaamini kwamba mimi ni mtu wa kumkata pesa kwa saa alizonishikia kikombe. Niliondoka bila hata kumuuliza mgonjwa anaendeleaje.

Ijumaa ijayo tunalipwa shamba la pili. Consolata anataka nigawe tena. Min Akoth naye amesema atakuja kesho na kwamba ananiamini, na hilo ndilo linaloninyima raha. Niandikie upesi, Baba. Uliniambia kila kitu cha haki kinaweza kuwekwa kwenye mlinganyo.

Msalimie Mama, na shangazi anayeuza ndizi, na kaka yangu mwambie jembe lake bado lina makali. Mbusu Boke.

Ni mimi bintiyo,
Robi.

Ule uji, Baba, niuweke upande gani?