Msiba wa Majani

Sufala, Ibra
6 Aprili 1999

Mpendwa mwanangu Lujain,

Asalaam aleikum. Marahaba ya shikamoo yako. Hujambo, mama? Tumbo halijambo? Mtoto anacheza? Miguu imepungua kuvimba? Na mumeo Maen, kile kikohozi kimemwacha? Sisi huku wazima, alhamdulillahi, ila baba yako goti linamsumbua, na mimi presha ilinipanda siku ile uliyopiga simu. Nakuandikia barua kwa sababu simuni wewe ukilia na mimi nalia, hatuelewani.

Lujain, Kiswahili nilikupa mwenyewe, lakini wewe ulichukua nusu. Simu inakwaruza, unalia, mimi nasikia, "Mama, amekufa! Wote amekufa!" Kisha ikakatika. Nitajuaje kama unasema majani? Majani yamekufa, mwanangu. Yote yamekufa. Anayesemwa amekufa ni mtu. Nikamwona Maen na gari juu ya barafu, nikakuona wewe umebaki peke yako Kanada na tumbo hilo. Nikapiga ukelele palepale.

Jirani yetu Khole kasikia kilio changu, kaja mbio na wanawake wanne. Muda si muda mikeka imetandikwa, kahawa iko motoni, na kaka yako Humoud anapiga namba yenu haipatikani. Saa mbili nzima, Lujain. Alipompata Maen akamuuliza kwa sauti ndogo nani kafa, kisha akageuka akanitazama. "Mama, ni majani ya uwani."

Nilitaka kucheka kikatoka kilio kingine. Khole akasema, "Haya, futa machozi tunywe. Kahawa ya msiba wa majani nayo ni kahawa!" Mpaka leo nikipita watu wananipa pole ya majani.

Wao wanacheka, mimi sicheki, maana Maen alimweleza Humoud yote. Kumbe bibi mwenye nyumba aliandika kwenye mkataba kuwa majani ni juu yenu, na mwisho wa Mei anakuja kuyatazama. Asipoyakuta mazima hatawapa mwaka mwingine. Na wewe unajifungua Juni! Mtu na kitoto kichanga atahamia wapi, katika nchi asiyo na shangazi wala mama mdogo? Hilo ndilo linaloninyima raha.

Nikaenda kwa Yaarub, yule tunayenunua kwake majani ya mbuzi. Nikamweleza kama Maen alivyosema: theluji imekaa miezi mitano, ilipoyeyuka majani yamekutwa yamelala chini, rangi ya mkeka mkuukuu, na juu yana utando mweupe kama wa buibui. Akaniuliza, "Huko wanafuga mbuzi wangapi?" Nikamwambia hawafugi hata mmoja, wanayalea, wanayakata, wanayatupa. Akadhani namfanyia mzaha.

Lakini kazi yake anaijua. Anasema jani likikauka si neno, tazama shina. Vuteni shada moja. Likishikilia ardhi na chini yake jeupe, lingali hai, linalala tu. Likitoka bila kubisha, na chini jeusi, hilo limekwenda, na hapo mtatia mbegu ardhi ikishapata joto. Ule utando ni ukungu wa maji kukaa. Yachanuliwe kwa reki taratibu yapate hewa yakauke. Maji msitie, udongo umeshiba, na msiyakanyage mpaka tope likauke.

Anayechanua ni Maen, si wewe. Wallahi nikisikia umeinama na reki! Nakujua, mwanangu. Ile mimba ya kwanza, ulipokuwa bado huku kwetu, uliniambia hukunyanyua kitu, na mimi nilikwishaona kabati lilikuwa upande mwingine wa chumba. Sikukuuliza. Wala sikulaumu, Mungu ndiye aliyechukua. Lakini tangu siku ile ukiniambia "mimi mzima, mama", moyo wangu hautulii.

Majani yakifufuka, alhamdulillahi. Yasipofufuka, yasikutoe roho wewe na aliye tumboni.

Sasa usinigombeze. Humoud ameshapeleka pasi yangu Maskati kwa ajili ya viza, sikungoja mnikaribishe. Baridi naiogopa, sikufichi, na Kiingereza changu ni cha kusema "thenki yu" tu. Lakini nikipewa ruhusa, mwisho wa Mei nitakuwa hapo. Huyo bibi akitaka kuwatoa atawatoa na mimi nipo. Maen atabeba masanduku, mimi nitambeba mtoto akishazaliwa, na wewe hutabeba kitu.

Baba yako anakusalimu sana. Humoud na mkewe Najla pia, na Khole anasema pole ya msiba. Nisalimie Maen, mwambie mkwewe anamwamini kwa reki.

Mola akufungue salama, akupe mtoto mwenye afya na umri, na popote mtakapolala pawe na kheri.

Ni mimi mama yako akupendaye, anayekungoja simuni,

Mahfoudha