Vitunguu vya Misi

Jumapili, 7 Mei 1961
Nimelima tuta tena. Mawe. Nikipiga jembe linalia. Hapa Kirumba sijui udongo ulikwenda wapi. Jua la kutwa liko nyuma ya jiko tu, basi ni hapo hapo, nitake nisitake.
Vitunguu vyenyewe ni saba, vimo kikapuni jikoni. Kila kimoja kama chungwa. Ni vya mwalimu wa Rehema, yule mama wa Kizungu wanayemwita Misi. Vilikuja kwa meli. Si vya kula, ni vya maua. Rehema anasema ua lake ni la zambarau, duara kama kichwa cha mtoto, na bua lake linamfika mtu kifuani. Shuleni kwao miti imeziba jua, basi mwanangu akanyoosha mkono: kwa mama yangu jua lipo. Mdomo wa mtoto huyu utaniua.
Lakini Misi ndiye atakayeandika barua ya kumwombea nafasi ya chuo cha ualimu. Aliwaambia wasichana wa darasa la nane kwamba atamtazama kila mmoja anavyotunza alichopewa. Ndiyo maana nalima. Mimi niliishia darasa la pili. Yeye asiishie jikoni kwangu.

Jumanne, 9 Mei
Wifi Mwajuma amefika kutoka Misungwi. Ni dada mkubwa wa Baba Rehema. Hakusema atakaa siku ngapi. Kaleta kuku wawili na gunia la maneno. Alikuta sufuria zangu zimepangwa vibaya, kazipanga yeye. Sasa sioni mwiko.

Alhamisi, 11 Mei
Nilikwenda ziwani kufua. Narudi, pilau inanukia tangu njiani. Wifi kampikia kaka yake. Kikapu kitupu. Vyote saba!
Nikauliza, wifi, vile vitunguu? Akasema, "Vikubwa bure. Nimekaanga vyote, ladha hakuna. Aliyekuuzia kakuibia."
Ningesema nini? Ni mkubwa wa mume wangu. Nikaenda kulia mbele ya tuta. Baba Rehema kala sahani mbili.

Ijumaa, 12 Mei
Nimeamka na marehemu mama kichwani. Yeye alikuwa akitaka mbegu, anachukua vitunguu vikuukuu vilivyoanza kuota, anavipanda baridi inapoanza, shingo nje, juani, maji kidogo. Nilikuwa mdogo, mabua yananipita kimo, na ua duara juu yake.
Nikaenda sokoni kuchagua saba. Muuzaji: "Mama, hivyo vimeharibika, chukua huku." Nikamwambia nataka vilivyoharibika. Akanitazama kama mgonjwa.
Nimeshapanda. Ni uongo, najua. Rangi ya ua nitaifikiria baadaye.

Jumamosi, 3 Juni
Rehema kaja kututembelea kutoka bwenini. Kachuchumaa kwenye tuta. Kwenye picha ya Misi majani ni mapana, kwa nini haya ni membamba, yana tundu ndani? Nikamwambia ni jua la huku. Akasema, ee, labda.
Nimemdanganya mwanangu kwa macho makavu. Sijala vizuri.

Jumatatu, 19 Juni
Kuku wamefukua kimoja. Kuku wa wifi, si wangu. Nimekirudishia. Wifi bado yupo. Kasema baridi ya asubuhi inamuuma magoti. Mimi naiombea baridi izidi.

Jumanne, 18 Julai
Mabua! Vitano vimetoa.
Mama Salome, jirani yetu wa kutoka Mara, kaegemea uzio anacheka. "Mama Rehema, kitunguu kikitoa ua kimekufa hicho. Vunja, upike majani." Wifi akasikia neno kupika, akaja na kisu. Nilisimama mbele ya tuta na ufagio. Mwanamke mzima! Watu wananiona nimerukwa na akili, na sina wa kumweleza.

Alhamisi, 27 Julai
Upepo wa ziwa umelaza mabua matatu. Nikamwomba Baba Rehema vipande vya vitambaa. Kashika futi, hasikii. Cherehani yake haipumziki, kila mteja ni uhuru, uhuru, sare za uhuru. Nimevichukua mwenyewe chini ya meza, nikafunga kila bua kwenye kijiti. Nyekundu, kijani, maua maua. Tuta limekuwa kama mwali.

Jumamosi, 12 Agosti
Yamefunguka. Jamani, mazuri. Duara kabisa, nyuki wamejaa, marefu kumpita wifi kiunoni.
Meupe. Meupe pe!
Misi anakuja Jumamosi ijayo. Nimechovya ua moja kwenye rangi ya kutia ukili wa mikeka, ile ya zambarau. Likawa kama jogoo aliyenyeshewa. Nimelikata nikalifukia.

Jumamosi, 19 Agosti
Kaja saa nne, na Rehema nyuma yake. Nilikuwa nimepanga maneno wiki nzima. Misi akasimama mbele ya tuta. Akagusa ua. Nikafungua mdomo.
Wifi akanitangulia. "Karibu, mwalimu. Vile vyako nilivila mimi. Wala usivisikitikie, havina ladha."
Nilitamani niwe jiwe kati ya yale mawe.
Misi akakaa mkekani, akacheka mpaka akavua miwani. Kumbe miaka miwili anavipanda shuleni, hajaona hata ua moja. Alidhani ni kivuli. Sasa anadhani vinataka baridi ya kwao, na hiyo hapa haipo. Kaniuliza nani alinifundisha haya. Nikasema mama yangu. Anataka mbegu, na nikawaonyeshe wasichana jinsi ya kupanda. Mimi!
Nikauliza kidogo kidogo, na barua? Alishaipeleka mwezi wa sita. Wa sita! Mimi nafukuza kuku, natia maua rangi, barua iko njiani.
Jioni Rehema alikuwa anaosha vikombe. "Mama, mimi nilijua siku ile ile. Nani asiyejua jani la kitunguu? Nikamuuliza shangazi vya Misi viko wapi." Nilimfinya shavu, kwa nguvu kidogo.

Jumapili, 14 Januari 1962
Rehema kapanda treni juzi kwenda chuoni. Hakugeuka, alijua nitalia.
Wifi alirudi Misungwi baada ya sherehe za Desemba. Sufuria nimezipanga ninavyotaka. Mwiko upo.
Mbegu ni nyeusi, ndogo kama chembe za baruti. Misi alichukua zake. Za kwangu nilizitia kwenye vibiriti viwili. Kimoja kaondoka nacho Rehema. Kingine ni cha wifi, nasubiri mtu anayekwenda Misungwi.
Leo asubuhi nimemwagia tuta maji. Halina kitu. Mazoea tu.